Mwaka wa Viwavi

Karibu mwaka 1860, viwavi waliivamia nchi ya Wazanaki, mashariki ya Ziwa Viktoria. Mkulima aliyewahi kuamka asubuhi akakuta shamba lake limebaki mabua matupu hahitaji kuelezwa msimu wa namna hiyo unavyokuwa. Wakati huo alizaliwa mtoto wa kiume, akapewa jina lililokuwa midomoni mwa kila mtu: Nyerere, yaani viwavi. Mtoto akakua, akawa chifu wa Butiama. Mwaka 1922 mkewe, Mgaya, akamzalia mwana aliyeitwa kwanza Mugendi, mwenda kwa miguu. Mganga akashauri jina libadilishwe, na mtoto akawa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Desemba 1943 kijana huyo akabatizwa katika Kanisa Katoliki na kuongeza Julius, jina lililotoka katika ukoo mkongwe wa Rumi.

Leo Nyerere ni uwanja wa ndege, ni hifadhi ya taifa, ni bwawa la umeme katika Mto Rufiji. Msafiri anayeburuta sanduku lake pale Dar es Salaam anapita chini ya habari ya mwaka mbaya wa wakulima wa Uzanaki, na wengi hupita wasijue. Jina limedumu. Kisa kilicholizaa kimebaki kwa wachache waliobahatika kusimuliwa.

Mwachano huo wa jina na kisa chake haukumpata Mwalimu Nyerere peke yake. Katika jamii nyingi jina lilianza kama taarifa. Mtoto mchanga hajatenda lolote la kusimuliwa, kwa hiyo jina lake husimulia mambo ya wakubwa: mvua ilinyeshaje, nani alikuwa amefariki, mama alijifungulia wapi, majirani walisema nini. Anayelisikia na kulielewa anapata habari ya nyumba ile bila kubisha hodi.

Wajaluo huanza na saa. Otieno alikuja usiku, Akinyi asubuhi, Achieng jua likiwa kali. Okoth alizaliwa mvua ikinyesha, na Oyoo mama yake alishikwa na uchungu njiani. Wakalenjin nao hutazama mifugo: Kiprotich au Cherotich ni mtoto aliyezaliwa ng'ombe wakirudi zizini, Chepngetich ni yule wa saa ya kuwatoa kwenda malishoni. Kip ni kiambishi cha mvulana, Chep au Che cha msichana. Hapo ndipo mtazamaji makini wa riadha anapogutuka. Bingwa wa mita 1500 aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mara tatu mfululizo, Rio, Tokyo na Paris, dunia inamwita Kipyegon. Hilo ni jina la kiume, amelirithi kwa wanaume wa kwao. La kwake mwenyewe ni Chepngetich, lenye asubuhi yake na ng'ombe wake, nalo kwenye runinga halitajwi sana.

Watu wa Pwani hutazama kalenda. Juma ni wa Ijumaa, Hamisi wa Alhamisi, Mwanaidi wa siku ya Idi, Ramadhani na Shaabani wa miezi yao. Mbali kule Ghana, Waakan wana desturi iyo hiyo bila ya kuazima kwa mtu. Kofi ni mwanamume aliyezaliwa Ijumaa, kwa hiyo Kofi wa Kumasi na Juma wa Kilwa ni wajina, ila hawajakutana. Katibu Mkuu wa zamani wa Umoja wa Mataifa aliitwa Kofi Atta Annan: Ijumaa, pacha, wa nne. Kweli alizaliwa Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1938, na kweli alikuwa na dada pacha. Lile la tatu alilirithi kwa baba yake, na kwake yeye halikuhesabu tena chochote. Katika jina la mtu mmoja yamo maneno mawili yaliyo hai na moja lililokwisha kunyamaza.

Kuna majina yanayojibu watu. Mwanamke anayemwita binti yake Semeni ana sababu. Alisengenywa, labda alichelewa kuzaa, labda mahari ilileta maneno, naye hakwenda kugombana na mtu kisimani. Alisubiri, akajifungua, akasimama uani na kuita: Semeni! Waliosema wakasikia, na waliendelea kusikia kila jioni mtoto alipoitwa kula, miaka na miaka. Ndugu za jina hilo ni Sikudhani, Sikujua, Tabu, Mashaka na Shida. Huko Burundi na Rwanda maneno hayo ya majirani hupelekwa juu zaidi, kwa Mungu mwenyewe: Ntakirutimana, hakuna kinachompita Mungu, Hakizimana, mponyaji ni Mungu. Wanyakyusa wao wana Tusekile, tumecheka, na Atupele, ametupa. Ni sentensi kamili, zina kitenzi na wakati wake.

Na zipo sentensi zilizotamkwa kwa hofu. Wayoruba wa Nigeria, nyumba ikishazika watoto wawili watatu, humwita anayefuata Durojaiye, yaani kaa uyaonje maisha, au Kokumo, huyu hatakufa tena. Wakikuyu wana Kariuki, aliyefufuka. Anayetania jina la namna hii hajui anatania kaburi.

Mapacha wana mlango wao. Wasukuma humwita wa kwanza Kulwa na wa pili Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Waganda wana Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana, kisha Kizza anayewafuata. Wazazi wenyewe hubadilika jina, baba akawa Ssalongo na mama Nnalongo. Kiswahili kiliwapenda pacha wa Kisukuma kiasi cha kuwafanya msemo: vitu viwili visivyotofautishika ni kurwa na doto, hata anayesema hajawahi kufika Mwanza.

Ila katika desturi zote za kutoa jina, ya Rwanda inapendeza kipekee. Siku ya nane baada ya mtoto kuzaliwa, watoto wa jirani walialikwa. Walipewa kazi ndogo ya kulima, jembe kidogo tu, kisha wakaketishwa na kulishwa chakula kinachoitwa ubunnyano. Baada ya kula, kila mmoja alitaja jina alilomchagulia mdogo wao mpya. Baba naye alitoa lake, na ndilo lililosimama; lakini yale ya watoto yalikuwa yamekwisha kutajwa mbele ya watu, mchanga amekaribishwa na kizazi kitakachokua naye. Sherehe hiyo ni Kwita Izina, na tangu mwaka 2005 Rwanda imeipa jina hilo hafla ya kila mwaka ya kuwapa majina watoto wa gorila wa milimani. Kwa kuwa kila mtoto wa Rwanda hupata jina lake mwenyewe, ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana. Kwao hakuna shida yoyote. Shida huanza wanapofika ugenini, ofisa akazitazama pasi za kusafiria na kumuuliza mama kama watoto hawa ni wake kweli.

Ofisa huyo anauliza kwa sababu ya fomu aliyonayo. Fomu ina visanduku vitatu: jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo. Kisanduku cha tatu kimewahangaisha Watanzania wengi kuliko inavyokubaliwa. Mtu wa Pwani jina lake ni lake, linalofuata ni la baba, la tatu ni la babu, na kizazi kijacho yote yanasogea hatua moja. Ndiyo maana Machi 2021, Tanzania ilipopata Rais mpya, magazeti mengi ya ng'ambo yalimwandika Rais Hassan. Nyumbani hakuna aliyemwita hivyo. Ni Rais Samia, ni Mama Samia, kwa sababu Samia ndiye aliyeapishwa. Suluhu na Hassan ni wazee wake waliomsindikiza katika jina. Waandishi wale hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na kisanduku.

Kwa raia wa kawaida kisanduku hicho kina gharama. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa jina la baba, cha shule kimeandikwa la babu, kwenye kitambulisho herufi imeruka, na mtu mzima mwenye watoto anajikuta anaapa mbele ya wakili kwamba Hamisi huyu na Khamis yule ni mtu mmoja. Analipia kiapo ili athibitishe kile ambacho mtaa mzima unakijua.

Wengi hudhani jina la ukoo ni ustaarabu wa kale ambao Waafrika tumechelewa kuupata. Historia haisemi hivyo. Mahali pengi jina la ukoo ni agizo la serikali, na agizo lenyewe si la zamani sana. Tarehe 21 Novemba 1849 gavana wa Kihispania katika Ufilipino, Narciso Clavería, aliamuru familia zichukue majina ya ukoo kutoka katika orodha iliyotayarishwa kwa mpangilio wa alfabeti. Kurasa za orodha ziligawanywa mji kwa mji, na mpaka leo katika mji wa Oas, jimbo la Albay, utakuta koo tele ambazo majina yao yanaanza na R. Japani iliwalazimisha watu wake wote kuwa na jina la ukoo mwaka 1875. Uturuki ilipitisha sheria yake tarehe 21 Juni 1934, na watu waliokuwa wakitajana kwa jina la baba au la kazi wakaanza kujichagulia: Demir, chuma, Kaya, mwamba, Öztürk, Mturuki halisi. Novemba mwaka huohuo bunge likampa Mustafa Kemal jina Atatürk, Baba wa Waturuki, kisha likazuia mtu mwingine yeyote asilitumie. Sababu hazikuwa za fumbo: mkusanya kodi na mwandikisha jeshi hawawezi kufanya kazi na orodha ya Mehmet elfu kumi.

Aisilandi haikufuata njia hiyo, na haikuanguka. Watu wake hadi leo hujitambulisha kwa jina la mzazi: dóttir ni binti, son ni mwana. Vigdís Finnbogadóttir, aliyechaguliwa Rais mwaka 1980, ni Vigdís binti Finnbogi, kama vile mtu wa Lamu angesema. Kitabu cha simu cha nchi hiyo kilipangwa kwa jina la kwanza. Nchi yenye hospitali, benki na kompyuta kama nyingine za Ulaya imeishi na bin na binti zake bila ya kuona haya.

Koo zilizotokana na kazi ndizo zinazoonyesha vizuri jinsi maana inavyolala. Smith wa Uingereza ni mhunzi. Schmidt wa Ujerumani ni mhunzi, na Lefèvre wa Ufaransa, na Ferrari wa Italia, na Kovács wa Hungaria, na Kuznetsov wa Urusi, na Haddad wa nchi za Waarabu. Kila mahali palihitajika mtu mmoja wa kufua jembe na mkuki, na kila mahali kazi yake ikaganda kuwa jina. Upareni naye yupo. Washana ndio waliokuwa wahunzi wa Wapare, wenye mivukuto na nyundo, na Mshana anayekaa leo nyuma ya dawati la benki mjini Moshi ana haki ya kumpa mkono Smith wa London kama mtu wa kiwanda kimoja. Pengine wote wawili hawajawahi kuona tanuri likiwaka.

Jina la ukoo huweza pia kugombaniwa. Mwaka 1979 ndoa ya Wangari, mwanabaiolojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ilivunjwa mahakamani. Alipoolewa alikuwa amechukua jina la mumewe, Mathai. Sasa mume hakutaka aendelee kulitumia. Watu walimjua kwa jina hilo na kazi zake zilikwisha kuandikwa kwa jina hilo. Aliongeza herufi moja. Mathai ikawa Maathai, jina ambalo hakuna mume angeweza kulidai, na ndilo lililotangazwa Oslo mwaka 2004 alipopewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Huo ni uamuzi wa mtu jasiri. Lakini kuna jambo la pili ambalo wengi hulipita. Katika simulizi za Wakikuyu, mbari zao zilianza na mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi, na Wangarĩ ni mmoja wa mabinti hao. Mwanamke aliyebishaniwa jina la mume alikuwa, tangu kuzaliwa, amebeba jina la mwanamke aliyeanzisha ukoo mzima. Ngarĩ ni chui.

Si kila aliyetaka jina lake alikuwa na la kurudia. Kijijini Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Mtumwa. Jina lilieleza hali, na kila aliyemwita alimkumbusha mahali pake. Alikua, akafinyanga na kuuza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911, na sauti yake ikafanya yale ambayo amri za kukomesha utumwa hazikuweza: watu wakaanza kumwita Siti, yaani bibi wa heshima. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, alikwenda na jina hilo la pili. Wanaotaja Siti leo, katika taarabu na katika majina ya watoto wao, hawamtaji Mtumwa, na ni haki yake.

Mji huohuo wa Bombay ulikuwa umekwisha kuwa jina la mtu wa Afrika Mashariki. Mvulana wa Kiyao alitekwa akiwa mdogo, akapelekwa Kilwa, akauzwa, akavushwa bahari hadi Bara Hindi. Bwana wake alipokufa akapata uhuru na kurudi Zanzibar, akijulikana kama Sidi Mubarak Bombay: Sidi, kama Waafrika wanavyoitwa huko, Mubarak, aliyebarikiwa, na mji. Aliwaongoza wasafiri wa Kizungu Burton na Speke mwaka 1857, akaenda tena na Speke na Grant, na mwaka 1871 akaondoka Bagamoyo akiwa kiongozi wa askari katika msafara wa Henry Morton Stanley.

Wanaume wawili hao walitembea njia moja miezi mingi, na hakuna kati yao aliyekuwa akitumia jina lake la kuzaliwa. Stanley alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, na kwenye daftari la kanisa aliandikwa waziwazi kuwa ni mwana haramu. Alipofika Marekani akachukua jina la mfanyabiashara wa New Orleans, akalivaa mpaka likawa lake. Yeye alikimbia jina. Bombay alinyang'anywa. Stanley angeweza, kama angetaka, kurudi Denbigh na kufungua daftari akajiona: Rowlands yupo. Bombay hakuwa na daftari la kurudia.

Miaka mingi baadaye, Malcolm Little wa Marekani aliweka X mahali pa jina ambalo wazee wake walipewa na mwenye shamba. Alieleza kwamba X ni ishara ya jina la Kiafrika lisilojulikana. Wengine katika kizazi chake walikuja kuchota kwetu, na ndiyo maana Marekani leo kuna akina Imani ambao bibi zao hawakuwahi kukisikia Kiswahili. Wakati mwingine serikali nayo ilijaribu kurudisha majina ya asili kwa nguvu. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliwaamuru Wazaire waache majina yao ya ubatizo, naye mwenyewe akaliacha Joseph-Désiré. Kusudi lilikuwa na ukweli ndani yake, lakini jina la amri halina mtoaji. Halikutolewa na shangazi aliyekesha na mzazi, halina siku yake.

Speke aliandika habari za Bombay kwa urefu: kijiji cha Uyao, mama aliyefariki mtoto akiwa bado mdogo, kutekwa, soko la watumwa. Wasafiri wale walikuwa watu wa kuandika kila kitu. Walichemsha maji juu ya vilima ili joto lake liwape urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari, wakaweka hesabu hizo vitabuni. Bombay alikufa mwaka 1885, amekwisha kulivuka bara kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Angola, na Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London ilikuwa imemtunuku nishani ya fedha. Jina aliloitwa kijijini halimo katika vitabu hivyo.

Basi msomaji ambaye bibi yake, shangazi yake au mkunga wa kijijini kwao bado yu hai, aende akamuulize mambo matatu: nani alinipa jina hili, siku gani, na kwa nini. Aandike majibu kwenye daftari, ayaweke pamoja na cheti cha kuzaliwa.